Kompyuta Zina Dari

Gendabi,
14 Oktoba 2007

Mdogo wangu Maximilian,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Mama ameniambia kwamba ramani ya madarasa mapya ya shule yetu imeangukia mezani kwako huko Babati. Nilifurahi, halafu nikaogopa, kwa sababu nakujua. Ulipokuwa mtoto ulijenga zizi la matope lenye ghorofa, ukaweka ng'ombe wako wa udongo ndani, ukasahau mlango.

Basi nakuandikia mapema kabla hujaanza ghorofa. Hapa tuna vyumba vya zamani vilivyoezekwa mabati matupu. Watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji wamebanana kwenye dawati moja, na kila mwaka wanaongezeka. Upepo wa Mlima Hanang ukishuka, vumbi linaingia darasani bila hodi. Mvua ikipiga bati, kipindi kimekwisha. Tunakaa tunatazamana mpaka Mungu amalize.

Nina ombi moja tu. Nichoree darasa la kunisaidia kufundisha. Nimechoka, Maksi, nimechoka mpaka mifupa. Wewe ndiye mwenye utaalamu, utajua kinachofaa. Mfikirie mwalimu aliyechoka, halafu uchore.

Usinipigie simu, na hizo meseji zenu za maneno nusunusu zinaniumiza macho. Barua mpe Alfredi, konda wa basi la Katesh, ananifahamu.

Nenda ukamwone Mama.

Dada yako,
Fausta


Babati,
2 Novemba 2007

Dada Fausta, shikamoo.

Alfredi kanifikishia barua ikiwa imekunjwa kama tiketi. Nimecheka habari ya zizi. Lakini kumbuka, dada, lile zizi lilikuwa na ngazi, ni ng'ombe tu hawakujua kupanda.

Nimekuelewa mara moja. Wakubwa hapa ofisini wanataka shule ya kisasa, ya kuonyesha kwamba mkoa mpya nao una watu wanaofikiri. Kuna wafadhili wamekubali kutoa kompyuta, umeme wa jua na projekta. Hebu vuta picha: madirisha mapana, mabati mekundu yanayoonekana tangu barabarani, na chumba cha kompyuta. Unabonyeza kidude, picha inatokea ukutani. Hutapiga kelele tena maisha yako yote, mashine itasema kwa niaba yako. Bajeti ni finyu, lakini kwa ajili yako nitapigana.

Kwa Mama nimekwenda. Ile nyumba niliyomjengea imekamilika, nimemwezekea bati la kung'aa, majirani wanakuja kushangaa. Kitanda chake kimeshahamia. Tembe la zamani la paa la udongo tutalibomoa akishazoea. Siku hizi mtu akiniuliza kwetu ni wapi, sioni tena aibu kuonyesha.

Mnara mpya umewashwa huko kwenu, usiniambie habari za mtandao. Ukiona simu yangu, pokea.

Mdogo wako,
Maximilian


Gendabi,
18 Novemba 2007

Mpendwa Gaudensia,

Nakuandikia wewe kwa sababu ni nesi, na kwa sababu tulilala kitanda kimoja cha bweni na hujawahi kutoa siri yangu hata moja. Usishangae kwa nini sikupigi simu. Siwezi. Sauti yangu inakwisha.

Ilianza mwaka jana kama mafua. Sasa asubuhi naamka ninayo kidogo, kipindi cha kwanza inakwaruza, ikifika saa tano hakuna kitu, natoa upepo tu. Watoto nimewaambia ni baridi. Mwalimu Herman, mkuu wetu, ananishauri niache maji ya mtungini. Kuwanyamazisha wanafunzi natumia filimbi ya mpira. Mzee mmoja wa Kibarabaig kaja kuleta karo, kanisikia, akaniambia eti hata yeye ng'ombe wake anawaita kwa mluzi na wanaelewa kuliko watu. Nilicheka mpaka machozi, bila sauti.

Ningekuwa nafundisha Hisabati ningeandika ubaoni, wakaelewa. Mimi nafundisha Historia, na Historia ni mdomo. Wakijua ofisini, wataniweka stoo nihesabu vitabu, au watanistaafisha kwa ugonjwa. Gaudensia, mimi sina mume, sina mtoto, nina darasa. Nikitolewa mle, sijui nitaamkia wapi.

Maksi hajui. Nikimwambia, kesho yake Mama anajua. Na unakumbuka Baba alivyokufa: koo lilianza hivihivi, sauti ikaondoka kwanza, yeye akafuata. Siwezi kumrudisha Mama pale. Afadhali Maksi aone nina kiburi.

Nishauri.

Wako,
Fausta


Mbulu,
26 Novemba 2007

Wee Fausta,

Una akili timamu kweli? Mwaka mzima! Ningekuwa karibu ningekupiga na beseni.

Sikiliza. Kwanza, si kila koo ni koo la baba yako. Walimu wengi wanapata vinundu kwenye nyuzi za sauti kwa kupiga kelele, na vinatibika. Lakini kujua ni hiki au kile mpaka daktari wa koo akuingizie kioo, na daktari huyo yuko Moshi. Utakwenda, na nitakusindikiza mwenyewe. Pili, nyamaza. Hata kunong'ona usinong'one, kunong'ona kunalikwaruza koo vilevile. Kila ukipiga kelele juu ya hayo mabati yenu unajichinja kidogokidogo.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mwambie mdogo wako. Mtu anayekuchorea darasa lazima ajue unaumwa nini. Mimi mgonjwa akiniambia "nipe dawa" bila kusema panapouma, nampa panadol, anakwenda zake. Usije ukapewa panadol.

Siri yako ninayo. Lakini inaniwasha.

Gaudensia


Babati,
20 Januari 2008

Dada, shikamoo! Heri ya mwaka mpya!

Kaa chini kabla hujasoma. Tumeshinda!

Ilikuwa hivi. Kwenye kikao bajeti ikagoma. Ama madarasa yote yawekwe dari, ama kijengwe chumba cha kompyuta, viwili havikai pamoja. Wazee wa kamati waling'ang'ania dari. Nikasimama, mimi mdogo kuliko wote mle ndani, nikawaambia Hanang ni kukavu, mvua yenyewe ya kubahatisha, dari ni anasa ya watu wa mjini. Nikawaambia ninaye dada, mwalimu, amechoka, na kilio chake ni vifaa vya kumsaidia kufundisha. Hapo wakakubali. Dari ikatoka, kompyuta zikaingia. Niliikata kwenye ramani kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa natabasamu.

Dari itakuwepo kwenye chumba cha kompyuta tu, kwa ajili ya vumbi na joto, maana zile mashine ni laini. Mafundi wameshafika kwenye linta, juu ya madirisha, nadhani unawaona.

Nilikupigia siku ileile nikupe habari. Hukupokea. Nikapiga Krismasi, hukupokea. Umetingwa, au nimekukosea?

Maximilian


Gendabi,
3 Februari 2008

Maximilian,

Asante kwa kompyuta.

Naomba dari irudi. Kama haiwezekani kote, basi darasa moja, nitakalofundishia mimi. Usiniulize sababu. Nimekulea, sijawahi kukuomba kitu kisicho na maana.

Fausta


Babati,
19 Februari 2008

Dada Fausta,

Shikamoo. Barua yako imenikata maini.

Dari hairudi. Mkataba umesainiwa, mafundi wako kwenye kenchi za paa, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema dari ni anasa. Leo nirudi niseme nini? Kwamba dada yangu amebadilisha mawazo na hataki kusema kwa nini?

Juzi ulipokea simu. Nilikusikia unapumua. Nikaita dada, dada, ukakaa kimya, halafu ukakata. Kama umenikasirikia, nitukane. Nimezoea kutukanwa na wewe, najua namna ya kuvumilia. Kunyamaziwa sijazoea.

Na si wewe peke yako. Mama naye, mvua ikinyesha, anabeba rozari yake na kigoda anarudi kukaa kwenye tembe. Nyumba nzima ya bati nimemjengea, yeye anakwenda kukaa gizani na mbuzi! Nikimuuliza anasema kule kwenye bati hajisikii akisali. Majirani wananiuliza kama tumegombana. Nimechoka na mimi, dada. Kila ninachowajengea mnakimbia.

Maximilian


Gendabi,
6 Aprili 2008

Gaudensia,

Madarasa tumeingia. Ni mazuri, nisiseme uongo. Mabati mekundu, madirisha mapana, sakafu laini. Mgeni rasmi alikata utepe, tukala pilau.

Halafu mvua ya masika ikaja. Hujawahi kusikia kitu kama hicho. Bati jipya, bila dari, chumba kikubwa mara mbili ya kile cha zamani: ni kama kuketi ndani ya debe linalopigwa mawe. Kidato cha nne wananitazama mdomo, na mdomo hautoi kitu. Mtihani wao ni mwaka huu.

Nikakumbuka chumba cha kompyuta. Siku hiyo funguo zilikuwa mlangoni, nikawaingiza wote, wakaketi sakafuni kati ya meza. Gaudensia, mle mvua unaisikia kama iko kijiji cha pili. Nilianza kuwaeleza Mkutano wa Berlin kwa sauti ileile ndogo niliyobakiwa nayo, na walioko nyuma kabisa wakanisikia. Perpetua, mtoto wa wafugaji ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kufungua kinywa, akanyoosha mkono. Akauliza: hao wakubwa waliokuwa wanagawana nchi za watu mezani, kulikuwa na hata mmoja aliyewahi kufika? Nikamwambia karibu wote, hapana. Darasa zima likaguna.

Hapo ndipo Mwalimu Herman akaingia. Akaona matope, akashika kichwa. Akatutoa nje, kwa upole lakini akatutoa. Akasema zile mashine ni za wafadhili, zinahitaji mazingira tulivu. Mke wake kazifumia vitambaa, kila moja imefunikwa kama sinia la mkwe, na hakuna aliyewahi kuiwasha hata moja.

Kompyuta zina dari. Mimi sina.

Nikarudi darasani na watoto, mvua bado inapiga, na hasira zikanipanda. Nikapiga kelele. Nikamaliza Berlin yote kwa kelele, na mwishoni nikasikia kitu ambacho koo halijawahi kunifanyia, kama nguo inayochanika. Tangu siku hiyo sina hata ile ndogo. Haya, umeshinda, twende Moshi. Naogopa.

Fausta


Mbulu, kwa Gaudensia,
27 Aprili 2008

Mdogo wangu Maximilian,

Barua hii isome ukiwa umekaa, na usimpelekee Mama mpaka umalize.

Sijakukasirikia. Siku ile ya simu nilipokea kwa sababu niliikumbuka sauti yako, nikafungua kinywa nikujibu, hakikutoka kitu. Sauti yangu imekwisha, Maksi. Ilikuwa inakwisha tangu kabla hujashika kalamu ya ramani ile. Nimetoka Moshi. Si ugonjwa wa Baba, mshukuru Mungu kama nilivyomshukuru mimi, kwa kulia kwenye korido mpaka Gaudensia akaona haya. Ni vinundu vya kupiga kelele. Wameviondoa. Natakiwa nikae kimya kabisa kwa muda, halafu itarudi sauti ndogo, ya chini, na hiyo ndiyo nitakayokuwa nayo. Daktari ameniambia wazi: nikipaza tena, nayo inakwenda. Nifundishe pale tu ambapo sihitaji kupaza, la sivyo niache kazi.

Sasa unajua kwa nini niliomba dari.

Nisikufiche, niliposoma ulivyoikata kwa mkono wako ukitabasamu, nilikuchukia siku nzima. Halafu nikaisoma tena barua yangu ya kwanza kichwani. Nilikuambia umchoree mwalimu aliyechoka, sikukuambia amechoka wapi. Ungejuaje? Ulinipa ulichonacho.

Ila jambo moja nataka ulijue, kwa sababu ulikuwa mdogo na hukumbuki. Baba alipokuwa anamalizikia, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeota. Ilikuwa masika, mvua ya huku juu unaijua. Tulikuwa ndani ya tembe, udongo juu yetu, nyasi na miti, na ile mvua hatukuisikia kabisa. Baba alisema maneno machache, na tuliyasikia yote. Alisema yule ndama mwekundu auzwe, Maksi aende shule. Nyumba ingekuwa ya bati, Maksi, Baba angekufa anatikisa midomo, na sisi tungekuwa tunamuuliza "unasemaje?" Wewe usingesoma. Usingechora hata hiyo nyumba yenyewe.

Mama hakukimbii wewe. Anakwenda pale anapoweza kujisikia akisali. Usilibomoe lile tembe.

Juni nitaamua kama naandika barua ya kuacha kazi. Sina nguvu ya kulia tena.

Dada yako,
Fausta


Babati,
11 Mei 2008

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisomea stendi, Alfredi akanikalisha kwenye kiti cha basi, akaninunulia soda. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Nimekuwa napiga simu na kulalamika kwamba unaninyamazia. Nisamehe.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimfuata kwenye tembe, nikaketi na mbuzi. Alikuwa anasali Salamu Maria kwa ile sauti yake ya chini, na nilisikia kila neno, mpaka pale anapolitaja jina langu, mara mbili zaidi ya lako, samahani. Nikainua macho nikaanza kulitazama paa kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe: miti minene, juu yake fito, nyasi, halafu udongo uliokandikwa. Nimesoma chuo miaka yangu yote, na hilo paa lilikuwa juu ya kichwa changu.

Ofisini nimewaambia dari nilikosea kuiondoa. Wakacheka, wakasema fedha zimefungwa, na awamu ya pili wamempa mwingine ramani. Sawa tu.

Lakini nina likizo Juni. Sikiliza wazo langu. Bati jekundu libaki juu, tuwafurahishe wafadhili. Chini yake, kwenye kenchi, tufunge mikeka ya matete. Juu ya mikeka tulaze mabua ya ngano, kule mashamba ya Masakta wanayachoma kila mwaka baada ya mavuno. Halafu kwa chini tukandike udongo na samadi, vizuri, panya asipate pa kuanzia, na tumalizie chokaa ili darasa liwe na mwanga. Uzito nimeupiga hesabu, kenchi zinabeba. Ni tembe lililovaa kofia ya bati. Mimi niliyekuwa naliona aibu tembe.

Naomba Mwalimu Herman akubali. Naomba usiandike ile barua nyingine.

Maksi


Gendabi,
12 Oktoba 2008

Mdogo wangu Maksi,

Tangu uondoke sijakuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri nione kama dari yako itaanguka. Haijaanguka.

Bado watu wanasimulia ulivyokuwa unapanda na kushuka na debe la chokaa kichwani, huku akina mama wa Kibarabaig wanakucheka kwamba mwanaume hajui kukandika. Wewe ulidhani wanakusifu. Walikuja wote, wakulima na wafugaji, wale waliogombania malisho mwezi uliotangulia wakashikiana ngazi. Yule mzee wa mluzi alileta samadi mwenyewe. Alisema kama mwalimu anaita watoto wake kwa filimbi, nyumba yao lazima inukie zizi.

Mwalimu Herman alikataa kwanza, unakumbuka. Shule ya kisasa na udongo wapi na wapi. Sasa vikao vyote vya walimu anavihamishia darasani kwangu, anasema kuna ubaridi mzuri.

Nikutendee haki pia. Zile wiki zangu za kimya, kidato cha nne hawakuwa na mwalimu mwingine wa Historia, Herman akalazimika kuvua kitambaa kimoja. Kompyuta na projekta zikaletwa kwangu. Jioni naandika somo, asubuhi linatokea ukutani, wanasoma kwa zamu kwa sauti na mimi naonyesha kwa fimbo. Perpetua ndiye aliyejifunza kuiwasha haraka kuliko sisi wote. Kwa hiyo mashine yako ilisema kwa niaba yangu kama ulivyoahidi, ingawa ilibidi kwanza ipate darasa la kusemea.

Sauti imerudi. Ni ndogo, utaisikia utasema ni ya mtu mwingine. Ninachoogopa ni mvua. Dari hatujaijaribu, tangu tuikandike haijanyesha. Kama haizuii kelele, Maksi, nitaandika ile barua, na usije ukanibembeleza. Nimekubaliana na nafsi yangu.

Mvua za kwanza zikija nitakupigia nikiwa darasani. Utapokea. Usiseme kitu, usiniite dada, usiniulize kama nakusikia. Nitaiweka simu dawati la nyuma kabisa. Wewe sikiliza tu, halafu uniandikie ukweli. Mimi nitakuwa mbele, sitajua wanaonidanganya ni wangapi. Watoto wananipenda, watasema wanasikia hata kama hawasikii.

Dada yako,
Fausta


Babati,
24 Novemba 2008

Dada Fausta, shikamoo.

Ulipopiga nilikuwa ofisini, wakubwa wamekaa, tunajadili ramani ya mtu mwingine. Nikaona jina lako. Nikasimama katikati ya maneno ya watu nikaenda kusimama kona, simu sikioni, nimeziba sikio la pili kwa kidole.

Ulisema nikuandikie ukweli, nakuandikia ukweli.

Mwanzoni nilisikia mvua. Nikasema basi, imeshindikana. Nikawa nasubiri ile kelele ya bati inayomeza kila kitu, nikasubiri, haikuja. Ilibaki kule nje. Nilisikia dawati linasogezwa, mtoto anakohoa. Nikasikia mtu anamwambia mwenzake "nyamaza, mwalimu anaongea."

Halafu nikakusikia.

Dada, sauti yako imekuwa ya Baba. Mimi nilidhani simkumbuki, nilikuwa mdogo, ulisema mwenyewe. Namkumbuka. Nililia pale konani, mtu mzima na tai.

Nimesikia kila neno. Kutoka dawati la nyuma, mvua inanyesha, nimesikia umewaambia wafunge vitabu, nimesikia umemuuliza mmoja kwa nini anachungulia dirishani kama mwenye mbuzi walionyeshewa, nimesikia wamecheka. Hakuna anayekudanganya. Usiandike barua ya kuacha kazi, na kama umeshaiandika, ichane.

Bosi alinifuata kwenye kona, akauliza naongea na nani muda wote huo bila kufungua mdomo, kikao kinanisubiri. Nilimwonyesha kwa mkono anyamaze, niko darasani.

Mdogo wako,
Maksi